Majani ya Mwezi wa Nne

Majani ya dukani huuzwa kwa gramu. Ni nyuzi fupi za nailoni zilizotiwa rangi kiwandani, nyingine za milimita mbili, nyingine hadi kumi na mbili, zimefungwa kwenye kipakti kinachoenea kiganjani. Wazungu wanaojenga reli ndogo na wale wanaocheza vita vya mezani huvinunua vipakti hivyo kama sisi tunavyonunua chumvi. Kimoja kilinifikia Dodoma mkononi mwa mtu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza. Kwa pesa niliyomrudishia, kwetu Gitting ningepata marobota ya majani makavu, punda wa kuyabeba na kijana wa kumswaga punda. Na kipakti chenyewe kingefunika eneo la sahani mbili za pilau.

Meza yetu ilikuwa na urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 120. Piga hesabu mwenyewe.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, si wa kompyuta. Kuna meza, na juu ya meza kuna nchi: vilima, kijito, njia, vichaka. Juu ya nchi hiyo kuna askari wadogo. Wachezaji huwasogeza kwa kupima na rula, kisha dadu huamua nani kapigwa na nani kapona. Maofisa wa Prussia walikuwa wakifundishana vita kwa namna hii tangu miaka ya 1820. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni zake, Little Wars, akauhamisha mchezo kutoka kambini hadi sebuleni. Mwaka uliofuata vita vyenyewe vikaanza, na kabla 1914 haijaisha Waingereza walikuwa wameshapigwa Tanga.

Kwenye mchezo huu ardhi si pambo. Majani marefu yanapunguza mwendo wa askari, lakini yanamficha. Majani mafupi yanamwachia mbio zake na kumwanika. Kwa hiyo anayetengeneza majani anaamua, kwa kiasi chake, nani atakufa.

Dodoma tulikuwa wanne, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na tulitaka meza yenye vita vya nchi hii. Mmoja alipendekeza Tanga. Kila anayesoma habari za Tanga ya Novemba 1914 huwapenda wale nyuki walioibuka katikati ya risasi na kuanza kuuma watu. Mimi nikasema Tanga ina wenyewe, tufanye ya kwetu. Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer lilishuka kutoka Lolkisale, likapita Ufiome, upande wa Babati ya leo, na tarehe 19 likaingia Kondoa Irangi. Nyuma yao masika yakafunga njia. Farasi walikufa kwa mamia, kwa uchovu na kwa maradhi, na watu wakaanza kula nusu ya posho. Usiku wa tarehe 9 Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaishambulia Kondoa, akarudishwa nyuma. Mwishoni mwa Julai Waafrika Kusini walikuwa Dodoma. Leo basi linapita hukohuko, lami tupu, na abiria wanalala.

Hatukuuchagua usiku wa Mei 9. Usiku hauna majani. Tukachagua siku ya kubuni ndani ya safari ya kweli: mchana mmoja wa Aprili, tambarare iliyo kati ya Ufiome na Kondoa, kikosi kidogo cha wapanda farasi kinasonga mbele na kombania ya askari wa Kijerumani imejilaza majanini. Tukagawana kazi. Mmoja alishika kanuni, mmoja uchapaji wa askari wa karatasi, mmoja akaahidi kutafuta chumba. Mimi nikapewa ardhi, kwa kuwa, walisema wakicheka, wewe ndiye mtu wa kijijini. Nikacheka nao. Muda si mrefu tukahitimu, nikarudi Gitting kusubiri ajira kama wenzangu wanavyoisubiri, na muda nikawa nao tele.

Askari wetu wana urefu wa milimita 15 au zaidi kidogo, watatu watatu wamesimama juu ya kifuniko cha soda. Uzuri wa kimo hicho ni kwamba sentimita moja ya mezani inakuwa kama mita moja ya duniani, na hesabu zinakuwa rahisi. Majani yanayomfika mtu kifuani ni milimita 13. Majani ya magotini ni milimita tano. Nilitembea na rula mfukoni wiki nzima, nikijipima kwenye majani ya kando ya njia, na watu wa Gitting ni wastaarabu, hawakuniuliza kitu.

Nyenzo ya kwanza ni unga wa mbao. Fundi seremala mmoja wa Katesh alinipa kiroba kizima bure, akaniuliza nina kuku wangapi. Unauchekecha mara mbili, kwanza kwa chekeche la unga wa mahindi, kisha kwa chujio la chai. Kinachobaki kwenye chekeche kinafaa kuwa kichaka, kinachopita kwenye chujio ndicho majani. Halafu unautia rangi. Binamu yangu alinitumia kutoka Kariakoo rangi za unga wanazotumia wasuka mikeka: kijani, njano, kahawia. Kijani cha kwenye pakiti, kikiwa peke yake, ni kijani cha fulana ya kampeni. Hakuna jani la rangi ile popote Hanang. Unakivunja kwa njano nyingi na kahawia ya ncha ya kijiko, unachemsha, unatumbukiza unga wa mbao, unakoroga, unauacha usiku kucha. Nilitia rangi kwenye sufuria tatu tofauti, kila moja na kiwango chake cha njano, maana ardhi haina rangi moja hata kwenye kiwanja cha mtu. Kuanika ndiko kugumu. Gitting iko ubavuni mwa mlima wa zaidi ya mita 3,400, na jua letu ni la kulivizia.

Ukishakauka, kazi iliyobaki ni ya mtoto. Gundi nyeupe ya mbao, nusu yake maji. Unapaka kwa brashi, unanyunyiza, unasubiri, unakung'uta yaliyozidi juu ya gazeti na kuyarudisha koponi. Hakipotei kitu. Unapata ukoka: majani mafupi yaliyotambaa, yale ya uwanjani na ya njia ya kwenda bombani.

Lakini ukoka haumfichi mtu. Kwa majani marefu nilifumua gunia la katani, nikakata nyuzi, nikazipanda vishungi vishungi kwa gundi kwenye matundu ya msumari. Zinapendeza sana. Kingo za kijito na mashina ya miti nilizifanya hivyo, na bado huwa nazitazama kwa furaha. Ila kishungi kimoja kinakula dakika nzima, na kwa kishungi kimoja kila sentimita ya mraba meza yangu ilidai vishungi 21,600. Ajira ingeweza kutoka kabla sijamaliza.

Suluhisho lilikuwa koti.

Kwenye mnada wa Katesh mitumba ya baridi haikosekani, kwa sababu baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku si ya mzaha. Nililipata koti refu la kike, la manyoya ya bandia, rangi ya maziwa, limechakaa viwikoni, manyoya yake sentimita mbili kamili. Nilipima. Muuzaji alianzia elfu kumi. Nikamwambia silitaki kulivaa, nataka kulikatakata. Akanitazama usoni muda, akasema, "Dada yangu, hili la baridi hili," kama vile mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa. Nikalichukua kwa elfu sita. Nyumbani mama alilipokea kwa mikono miwili akidhani ni lake, ikabidi mnada uliofuata nimtafutie lingine. Hilo nalo liingie kwenye gharama za majani.

Koti la manyoya hulikati kwa mkasi kutoka juu kama kitenge. Unaligeuza, unakata kitambaa cha nyuma kwa wembe, taratibu, ili manyoya yenyewe yasikatike. Manyoya yana uelekeo kama upepo, kwa hiyo vipande vyote lazima vilale upande mmoja, la sivyo nchi yako itakuwa na mshono. Nilivigandisha kwenye vipande sita vya plaiwudi, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, ili meza iweze kupanda basi. Kisha nikalowesha na kuanza kupaka rangi ya maji, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Kahawia kwanza, na unaichana kwa kitana mpaka ifike mizizini, kwa sababu ukisimama shambani unachokiona kati ya shina na shina ni udongo. Kijani kinafuata. Wakati inakauka huruhusiwi kuondoka. Kila dakika chache unachana tena, maana ukiyaacha yanashikana mafungu mafungu kama mbwa aliyenyeshewa. Mwisho unapunguza kwa mkasi ulioshikwa wima, ukichokoa hapa na pale. Ukiushika mkasi ulale, unapata uwanja wa mpira.

Nilikuwa nafanya haya uani, na jirani yetu mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji alisimama akaniangalia navyolichana koti lililolowa. "Binti, chuo kimekufundisha ususi?" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa ameshaanza kucheka.

Kwa koti, gundi, rangi, na plaiwudi chakavu ya dari niliyoiokota kwa fundi, meza nzima ilikula elfu ishirini na mbili. La mama ni nje ya hapo.

Kitu kimoja hakikufanyika ndani ya nyumba. Njia na kingo za kijito zinataka tope: udongo uliochekechwa, gundi, maji, unamwaga na kusambaza kwa kijiko. Nilikuwa nimeanza kukoroga kwenye beseni mezani, mama akaingia, akaliona beseni. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliteremka kutoka huu mlima wetu, likaingia Katesh na Gendabi na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. "Tope usinimwagie ndani," mama alisema, si kwa ukali. Nikalibeba beseni nikalipeleka nyuma ya zizi, na kijito changu kilitengenezwa huko.

Rangi ya ncha sikuipaka. Nilikuwa namsubiri babu.

Babu mzaa mama ni Mbarabaig. Malisho ya ukoo wao yalikuwa kule Balangida, ambako ng'ombe hupata chumvi, na alipokuwa kijana aliwahi kuswaga ng'ombe kwa miguu hadi Kondoa, siku kadhaa za njia, akilala majanini. Sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza tambarare ile inafananaje mwezi wa nne. Alikuwa amekuja kukaa kwetu akisubiri kupasuliwa mtoto wa jicho. Anaona mwanga na kivuli, basi. Nilimwekea kipande kimoja cha meza mapajani, pale barazani, nikamwelezea kila kitu: Wazungu, farasi, mwaka, mahali.

Akaweka kiganja. Akakipitisha taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akakirudisha kinyume cha manyoya.

"Hapa hapakai mtu," akasema.

"Ni vita, Babu. Watu wamekimbia."

"Wamekimbia lini?"

"Sijui. Juzi."

"Majani hayajui juzi. Haya hayajaliwa mwaka mzima." Akatafuta katikati ya kipande kwa kidole. "Na mwezi wa nne majani hayajafika hapa. Haya ni ya mwezi wa sita. Mwezi wa nne yana maji, yanalala ukiyakanyaga, yanainuka nyuma yako. Ncha zake bado hazijawa nyekundu."

Nikamuuliza, basi nipake rangi gani? Akafikiri. "Mwezi wa nne kinyesi cha ng'ombe ni kibichi. Nenda kaangalie." Ulikuwa mwezi wa tano mwanzoni, si mbali sana na wa nne. Nilikwenda kuangalia zizini, na hiyo ndiyo rangi iliyo kwenye meza yangu mpaka leo. Sijawahi kupata kijani bora kuliko hicho, na mchanganyiko wake siutoi bure.

Kisha tukafanya kazi siku mbili, yeye vidole, mimi mkasi. Alitaka kwanza kujua boma liko wapi. Nikasema hakuna boma. Akasema basi liwepo. Kuzunguka boma majani yasizidi ukoka, yametafunwa na ndama na mbuzi wanaobaki nyumbani. Njia ya kwenda majini si moja, ni nyingi, zimeachana kama vidole, kwa sababu ng'ombe hawafuatani kama wanafunzi. Karibu na maji pamekanyagwa, udongo mtupu. Ukitoka hapo majani yanapanda pole pole, magotini, kisha mapajani, na yale marefu kweli yapo mbali, mahali ambapo mchungaji akienda asubuhi harudi mapema. Alikuwa akipima kwa kidole gumba, ananiambia "bado," nakata, "bado," nakata, "acha." Kufikia jioni ya pili nusu ya koti la elfu sita ilikuwa sakafuni.

"Ng'ombe wako wapi?" aliniuliza tulipomaliza.

"Kwenye mchezo hakuna ng'ombe, Babu."

"Sasa wanagombania nini?"

Nilianza kumweleza habari za reli ya kati, kwamba Waingereza walitaka kufika Dodoma waikate. Alisikiliza kwa adabu ya mtu mzima anayemsikiliza mtoto.

Kuna jambo nililisoma chuoni, halikutoka kwa babu. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililima ngano kwenye tambarare za Hanang. Yalikuwa mashamba saba, kila moja takribani ekari 10,000, na sehemu kubwa yake ilikuwa malisho ambayo Wabarabaig huyaita muhajega, yale mazuri kuliko yote. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikasema kijiji hakikuthibitisha haki yake juu ya ardhi ile. Hoja ya wakati ule, kwenye ripoti na hotuba, ilikuwa kwamba eneo lilikuwa halitumiki, ni nyika. Nimewahi kuisoma hoja hiyo mara nyingi nikiipinga kwa vitabu. Sikujua kwamba inaweza kupingwa kwa kiganja: kwamba anayejua akipitisha mkono juu ya majani anakwambia nani alipita na mifugo, lini, na atarudi lini. Majani mafupi ni saini. Majani marefu pia ni saini, ya mtu aliyeyaacha makusudi kwa ajili ya kiangazi.

Meza yangu, kwa vipimo vyake, ni eneo la ekari tano na kidogo. Ningehitaji meza zaidi ya 13,000 kufunika mashamba yale saba. Makoti ya mitumba yasingetosha.

Ng'ombe nikawatafutia mafundi. Kila mtoto aliyewahi kuchunga amefinyanga ng'ombe wa udongo. Wazungu wana maduka ya sanamu zao, sisi tuna kingo za mto, na nadhani wetu ndio mchezo mkongwe zaidi. Vijana watatu wa jirani walinifinyangia ng'ombe arobaini kwa malipo ya biskuti, kila mmoja mdogo kuliko harage. Niliwaambia urefu milimita 13. Wakataka kujua pembe ziwe za namna gani. Niliwaambia zozote. Hapo nilivunja heshima yangu kabisa kwao, wakaamua wenyewe. Na hawakuwapaka rangi moja: kuna mweusi mwenye bega jeupe, kuna wa kijivu, kuna mwekundu mwenye madoa, kuna mmoja ana pembe moja kwa sababu, walisema, ndivyo alivyo. Babu aliwekewa kiganjani mmoja mmoja, akauliza rangi ya kila mmoja, na vijana wakamjibu kwa zamu kama wanaapishwa.

Wakati huohuo nilikuwa nagombana kwa simu na mwenzetu wa askari wa karatasi. Nilimwuliza wapagazi wako wapi. Akasema kwenye mafaili aliyopata hakuna wapagazi, kuna askari, maofisa, bunduki za rashasha na farasi. Nikamwambia jeshi lile lisingefika hata Ufiome bila watu wa kubeba. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake katika vita ile wanahistoria huwakadiria karibu laki moja, wengi kwa njaa na kuhara damu, si kwa risasi. Dar es Salaam sanamu ya shaba iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini yake. Na jina la kikosi chao, Carrier Corps, midomo ya Waswahili ililigeuza Kariakoo, kule kule rangi yangu ya majani ilikonunuliwa. Aliposikia hilo alinyamaza, kisha akaniambia atachora mwenyewe. Alichora ishirini na wanne. Wote wana mizigo ya namna tofauti, na mmoja amekaa chini.

Kondakta wa basi alinitoza mzigo wa elfu tano, akaandika kwenye risiti "manyoya." Dodoma tukaunga vipande sita kwenye chumba cha kupanga, juu ya meza mbili zisizolingana tulizozisawazisha kwa madaftari, na kwa muda hakuna aliyezungumza. Hili nalisema bila kujidai. Walikuja kwa ajili ya vita, na walibaki wanainama kuangalia majani kwa jicho moja, shavu likigusa ukingo, kama watoto.

Kisha tukaanza, na kwenye zamu ya pili mwenzetu aliyekuwa na wapanda farasi akafika kwenye boma. Rula yake ilipita katikati ya ng'ombe. Akainua kichwa.

"Hawa ni wa upande gani?"

Mwenye kanuni alifungua kurasa zake. Kanuni zilikuwa na majani marefu, majani mafupi, mto unaovukika na usiovukika. Watu wasio na upande hazikuwa nao. Tulibishana karibu saa nzima, chai ikapoa. Hatimaye tukaandika kifungu kipya kwa kalamu: kila zamu, kabla ya mtu yeyote kusogea, watu wa boma wanaondoa ng'ombe kutoka kwenye bunduki iliyo karibu nao, umbali wa dadu moja. Na kikosi chochote kinachomfikia ng'ombe kinaweza kumchukua na kufuta zamu moja ya njaa, maana njaa tulikuwa tumeiweka tangu mwanzo, kwa ajili ya ile nusu posho.

Mchezo ukabadilika. Ukoka wa kuzunguka boma, ambao babu aliunyoa kwa kidole gumba, ukawa mahali pabaya kuliko pote mezani: hauna pa kujificha, na chakula kiko pale. Wapanda farasi waliingia kwa sababu walikuwa na njaa, wakapigwa kutoka majani ya mapajani. Askari wakatoka majanini kwa sababu nao walikuwa na njaa. Watu wa boma, wanaosukumwa na dadu, walikuwa wanaelekea kusini magharibi, kwenye majani marefu ya mbali, na kila zamu wanafika na wachache zaidi. Saa mbili usiku tukasimamisha. Wawili kati yetu walidai wameshinda, na bado wanadai.

Wenzangu wakaenda kutafuta chipsi. Mimi nilibaki na kitana, kwa sababu mikono ilikuwa imelaza majani upande wote wa mashariki na ukiyaacha hivyo usiku kucha hayainuki vizuri. Nikampigia mama kumwambia nimefika salama, akampa babu simu. Alikuwa amepangiwa tarehe ya kupasuliwa. Tukaongea hayo kwanza. Kisha akauliza ng'ombe wamebaki wangapi.

"Tisa, Babu."

"Wepi?"

Nikamwambia asubiri kidogo, nikawasha tochi nikarudi mezani kuangalia.